Aliyeshinda Ainuke

Nyumbani kwangu aliyeshinda ndiye aliyekuwa anainuka. Aliyepigwa alibaki kwenye mkeka na maneti yake, kile kishikio cha kuchezea, mkononi, akimngoja mwingine aje. Wageni walipofika mara ya kwanza walishangaa, maana kwingine kote watu hufanya kinyume: mwenye nguvu anakaa, aliyepigwa anaachia nafasi.

Sheria hiyo sikuiweka kwa ajili ya michezo ya tele. Nilikuja nayo kutoka Bukavu, kwenye atelie yangu ya ushonaji kule Kadutu, ambako mashini ilikuwa moja na wasichana wa kufundishwa walikuwa wengi. Aliyeshona mshono ulionyooka aliinuka akaenda kutia pindo kwa mkono. Aliyepindisha alibaki kwenye mashini, akafumua, akarudia. Kwa mawazo yangu, anayehitaji mashini ni yule ambaye bado hajaweza. Basi mjukuu wangu Arlette alipoleta tele na maneti mbili ndani ya nyumba yetu hapa kambini Dzaleka, Malawi, na majirani wakaanza kugombania nafasi, nilisema sheria ni ile ile ya atelie, na asiyeitaka aende kwake.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa Arlette. Hakuununua, aliutengeneza. Alijifunza kompyuta hapa kambini na vijana wenzake, halafu akaendelea peke yake, akiinamia ile kompyuta nzee iliyokatika kona moja mpaka nikawa namwambia shingo itabaki hivyo. Mchezo aliuita Robine, yaani bomba la maji. Ni watu waliokutana kwenye foleni ya maji, wakagombana, wakapigana. Kuna kijana wa kabaza, teksi ya baiskeli, anayepigana na pampu ya baiskeli. Kuna mzee wa kanisa mwenye mwavuli. Kuna fundi wa nguo ambaye mita yake ya kupimia inamzunguka mtu kama kamba. Na kuna Mama Bidon, mwanamke mnene mwenye bidon ya njano, lile dumu la maji, ambaye ukibonyeza kibonyezo kimoja tu na kukishikilia, anajizungusha na bidon yake na kumpiga nayo mtu aliye mbele, paa!

Mimi nilimsaidia kwenye nguo tu. Mama Bidon wa kwanza alikuwa amefunga kitenge chake kwa mbele na fundo jepesi, nikamwambia Arlette, "Huyu akirusha mguu atabaki uchi mbele ya bantu." Akacheka, akamvalisha kaptura ndani na fundo akalihamishia ubavuni. Nilipenda pia alivyochora mikunjo ya kitenge, inafunguka na kujifunga mwili unapogeuka. Hilo aliliona kwangu, sikumfundisha.

Jirani yetu Vénérande, Mrundi anayeuza nyanya mbele ya nyumba yake, hakutaka mtu mwingine zaidi ya Mama Bidon. Hakutaka pia kibonyezo kingine. Mdogo wake Gakiza, fundi wa baiskeli, yeye alimchukua fundi wa nguo na kujifunza kila kitu chake: mita imvute mtu, goti, kiwiko, mita tena, mapigo yakifuatana bila nafasi katikati. Mfuatano huo waliuita mnyororo. Ukishaingia ndani yake hutoki mpaka amalize.

"Dada, una vidole kumi," Gakiza alikuwa anamwambia. "Juu ya nini unatumia kimoja?"

"Kimoja kinakutosha we, sha. Bile bingine naweka bya kusonga nsima."

"Ngoja uone."

"Nimengoja tangu ulikuwa unanyonya."

Paa! Bidon. Na mara nyingi, ndiyo, Gakiza alianguka. Mara nyingine Vénérande ndiye alinaswa kwenye mita, akapiga kelele mpaka wateja wa nyanya wakaja kuchungulia. Mchezo wenyewe ulikuwa unahesabu nani ameshinda na nani ameshindwa, na jioni Arlette alikuwa anafungua hesabu hizo na kuzitazama huku akitafuna kucha. Gakiza alimzidi dada yake kidogo. Alizidi, kwa sababu alijifunza. Lakini kidogo, kwa hiyo dada yake hakukata tamaa. Arlette alikuwa na furaha.

"Koko, hapa njo pagumu kabisa," aliniambia, maana mimi bibi yake huniita Koko, na mchezo anauita jeu. "Ukifanya jeu ya bale banajua sana, bengine banakimbia. Ukifanya ya bale banabonyeza-bonyeza tu, bale banajua banaona ni ya batoto. Bakubwa benye kutengeneza jeu huko inje nabo hii inabashinda. Lakini angalia: kwangu bote banacheza."

Kule Lilongwe, mtaa wa Chilinde, kuna chumba cha michezo nyuma ya duka la kutengeneza simu. Mwenyewe ni Mmalawi, Bambo Kalilombe, mtu mrefu anayeongea polepole. Kila mwezi wa kumi huwa anafanya mashindano ya michezo ya kupigana, na vijana wanakuja kutoka Mtandire na kutoka mbali zaidi. Mwaka huu alitangaza kwamba anataka mchezo mmoja uliotengenezwa hapa Malawi, uchezwe mbele ya watu wote. Arlette aliutaka huo mlango kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka. Nilimwuliza kwa nini hasa huo.

"Koko, kila pahali nafika banaanza na karatasi yangu ya ukimbizi. Pale hakuna mwenye ataiuliza. Batauliza tu: hii jeu ni muzuri ao ni mubaya?"

Tukaomba ruhusa ya kutoka kambini, tukaenda siku ya Jumamosi. Kompyuta aliifunga ndani ya kitenge changu akaishika kifuani. Mimi nilisema nakwenda kununua zipu na nyuzi, na kweli nilizinunua, lakini nilikwenda kumwona.

Chumba cha Bambo Kalilombe kilikuwa na tele tatu, benchi ndefu, na harufu ya waya zilizopata moto. Foleni ilikuwa ukutani. Na sheria ya pale ilikuwa kama ya kila mahali: aliyeshinda anabaki, aliyepigwa anainuka na kwenda nyuma ya foleni. Mimi niliona hilo na sikuwaza chochote.

Kijana aliyekuwa mbele ya wote aliitwa Divin. Wazazi wake ni wa Uvira, yeye amekulia Lilongwe, kazi yake kinyozi. Vidole vyake vilikuwa virefu na safi, akishika maneti hasukumi, anagusa tu. Alikaa, akamchukua fundi wa nguo. Mwenzake akamchukua Mama Bidon, akashikilia kibonyezo, paa! Divin akaanguka. Wakarudia, paa! akaanguka tena. Watu wakacheka kwa sauti.

"Ni jeu ya bakoko hii?" Divin akauliza, akageuka, akaniona nimekaa pale na zipu zangu mapajani. "Pardon, Koko. Siko nasema we."

"Sema tu, mwanangu. Mi mwenyewe napigaka hiyo bidon."

Wakacheka zaidi. Yeye hakucheka. Aliinuka, akakaa nyuma ya foleni, akawa anatazama tele bila kupepesa. Zamu yake ilipofika tena, bidon ilipokuja aliinama. Ikapita juu yake. Nami kwa mara ya kwanza niliona kitu ambacho nyumbani hakuna aliyekiona: Mama Bidon akikosa, uzito wa bidon unamgeuza, na kwa muda kidogo anasimama amempa mwenzake mgongo. Divin akaingia hapohapo. Mita, goti, kiwiko, mita, goti, mpaka mwisho. Mnyororo wake ulikuwa mara mbili ya ule wa Gakiza. Ulikuwa mzuri kuutazama, sitadanganya. Ulikuwa kama mtu anayeshona tundu la kifungo kwa mkono bila kutazama sindano.

Baada ya hapo hakuinuka tena. Mmoja alikaa, akanaswa, akatoka. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa bado anauliza kibonyezo cha kuruka ni kipi, na mtu wake alikuwa ameshalala chini. Foleni ikapungua. Walihamia tele ya pembeni, kwenye mpira. Mwishoni Divin alibaki peke yake kwenye benchi na maneti ya pili iko chini haina mtu, akaweka na yake juu ya hiyo, akasema kwa Kiswahili, "Haina bantu hii."

Bambo Kalilombe alimwita Arlette mlangoni. Kichewa changu ni cha sokoni lakini nilimwelewa, maana alisema polepole. Alisema kwanza wale wanaojua wamekasirika, kwa sababu mtu asiyejua kitu aliwapiga na kibonyezo kimoja. Halafu wasiojua nao wamekimbia, kwa sababu hawakupata hata nafasi ya kusogeza mkono. Mchezo mmoja umewachosha wote, wa huku na wa huku. Alisema pia kwamba uchoraji ni mzuri sana na Mama Bidon anamkumbusha shangazi yake. Aje tena mwishoni mwa mwezi wa tisa, mara moja tu. Jumamosi hiyo ndiyo ataamua.

"Zikomo, bambo," Arlette akamshukuru, akaifunga tena kompyuta ndani ya kitenge.

Siku ya pili yake mchana watu walikuwa kwenye mkeka kama kawaida. Arlette alikaa kwenye kizingiti, magoti yamekutana na kidevu. Gakiza akampiga dada yake. Gakiza akainuka, akaenda nje kupiga soga na wengine huku akingoja zamu. Vénérande akabaki, akampiga mtoto wa jirani, mtoto akabaki, yeye akainuka. Ilikwenda hivyo. Muda mrefu ukapita kabla Gakiza hajarudi kwenye mkeka, na aliporudi alifungua na kufunga vidole vyake kwanza, kwa sababu vilikuwa vimepoa.

Arlette akasimama. "Koko. Ni we."

"Ni mi nini?"

"Ni sheria yako. Angalia Gakiza. Kila akishinda anatoka. Hachezi mara mbili, mikono inapoa. Na mwenye kupigwa njo anabaki, anapata moto. Miezi yote hii nilifikiri ni mi niliweka bantu sawa." Akaonyesha tele kwa kidole. "Haikuwa mi, na haikuwa jeu. Ni we uliwaweka sawa na hiyo sheria yako ya Kadutu! Hesabu zote nilipata hapa ni za bongo, uongo mutupu."

Nilikuwa nachambua mchicha. Iliniuma, nasema kweli, kwa sababu hata sasa naona sheria ile ilikuwa nzuri, na wasichana wengi wa Kadutu wanakula kwa sababu yake. Lakini nilielewa alichosema. Nguo ukiipima kwa mtu aliyeinama haitamkaa akisimama.

"Sasa nifanye aje?" nikamwambia. "Niombe tele musamaha?"

"Uigeuze, Koko. Mwenye kushinda abaki. Mpaka mwezi wa tisa."

"Batagombana."

"Njo hiyo nataka kuona."

Nikaigeuza. Vénérande aliniuliza kama ninaumwa.

Hawakugombana. Ingekuwa afadhali. Gakiza alikaa kwenye mkeka kuanzia watu walipomaliza kula mpaka betri ya sola ikaisha. Wengine walikuja, wakanaswa, wakaenda. Vénérande alicheza mara moja kwa siku, halafu siku moja moja, halafu akaacha kabisa. Nilipomwita kutoka kwenye nyanya zake alinijibu, "Mama Stéphanie, mi siwezi kufanya mustari ya kupigwa. Mustari ya maji inanitosha." Na Gakiza mwenyewe, baada ya kukaa peke yake na maneti ya pili chini kama vile Divin, alisema mchezo umekuwa kama kula nsima bila ndiwo, ugali bila mboga, akarudi kwenye baiskeli zake.

Sasa Arlette alikuwa ameiona Chilinde ndani ya nyumba yake. Akaanza kazi.

Kwanza aliipunguzia bidon nguvu ili wajuzi wasilalamike. Tukamwita Vénérande ajaribu. Akaizungusha, ikampiga Gakiza kifuani, Gakiza hakuyumba hata kidogo. "Bidon hii iko tupu?" Vénérande akauliza. Akaweka maneti chini.

Kisha Arlette akaiongezea nguvu na kasi, isiwezekane kuinama. Vénérande akashinda, akashinda, akashinda, huku anamwangalia mtu anayechagua nyanya kwake. Gakiza akasimama. "Basi mi najifunza nini? Dada yangu ananipiga haniangalie hata!"

"Nikuangalie, una nini usoni?" Vénérande akamjibu. Lakini nilimwona naye hana furaha. Ushindi wa namna ile hata yeye hakuuhesabu.

Arlette alikuwa hali vizuri siku hizo. Alikuwa anachukua sahani, anakula kidogo, anarudi kwenye mashini. Nilimwacha. Mtu anayefumua hapendi kuongeleshwa. Mchana mmoja alitoka akaenda kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kando ya meza ya nyanya, na nikamsikia anamwuliza Vénérande, siyo kama anayetania, "Yaya, dada yangu, niambie. Kitu gani kinakuumizaka? Ni kupigwa?"

Vénérande alikuwa anazifuta nyanya moja moja na kuzipanga nne nne, ile ya juu ikiwa nzuri kuliko zote. Alifikiri.

"Kupigwa nimezoea. Nimezaa batoto sita, sha, napigwa na kila kitu. Ni ile kupigwa nikiwa siwezi kufanya kitu. Gakiza ananikamata na ile mita, mi nabonyeza, nabonyeza, na Mama Bidon ananiangalia tu kama vile hatujuane. Hata akufe, akufe, lakini akufe akiwa anakataa."

Arlette alibaki amekaa kwenye ndoo mpaka mteja akamwomba apishe. Halafu akaingia ndani.

Alichokifanya nitakieleza kama nilivyokielewa. Bidon aliirudisha ilivyokuwa mwanzo, nzito na yenye kugeuza mgongo. Mnyororo aliuacha, lakini kila pigo linalofuata likawa jepesi kuliko lililotangulia, hivyo mnyororo mrefu haukuweza tena kummaliza mtu kwa mara moja. Na akaongeza kitu kipya: kila mtu, mara moja tu katika raundi, akiwa amenaswa, akibonyeza vibonyezo viwili pamoja anapiga kelele "Niachie!" na aliyemnasa anarushwa nyuma. Mara moja. Ukishaitumia imekwisha, na ukiitumia wakati hujanaswa unabaki umesimama mikono juu kama mtu anayeimba kanisani.

Gakiza hakufurahi. "Unanikata mikono, Arlette. Nilijifunza ule mnyororo mwezi muzima."

"Cheza kwanza."

Wakakaa. Akamnasa dada yake, mita, goti, kiwiko. Vénérande akabonyeza kila kitu kwa kiganja. "Niachie!" Gakiza akaruka nyuma mpaka kwenye ukuta. Vénérande alipiga yowe lililomwamsha mtoto mgongoni mwa mteja. Raundi iliyofuata vilevile. Lakini raundi ya tatu Gakiza alimnasa kwa mita, akapiga goti, akaacha. Akatulia tu. Vénérande, kiganja kikiwa kimeshashuka, "Niachie!" Hakuna aliyekuwa amemshika. Mama Bidon amesimama mikono juu. Gakiza akaingia taratibu, akamnasa tena kuanzia mwanzo.

"Ee! We mushenzi!"

"Vidole kumi, dada."

"Rudia. Rudia nikuonyeshe. Umenidanganya, sasa nimejua."

Vénérande alimpisha mwingine, kwa sababu sheria ilikuwa aliyepigwa atoke. Lakini hakwenda kwenye nyanya. Alisimama mlangoni na mikono kiunoni, akingoja. Na Gakiza alikuwa anacheka peke yake, kwa sababu alikuwa amepata kitu cha kufikiri. Nilimwangalia Arlette. Alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa.

Nikamwuliza kama sasa naweza kurudisha sheria yangu. "Bado, Koko," akasema. Sikumwuliza tena.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa jua lilikuwa kali, vumbi jekundu limefika mpaka kwenye kope. Chumba cha Chilinde kilikuwa kimejaa, na Arlette alikuwa amenakili mchezo kwenye mashini ya pale, kompyuta yake ameishika kwapani. Bambo Kalilombe alisimama karibu na mlango, mikono nyuma. Divin alikaa wa kwanza, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake. Akampiga wa kwanza, akampiga wa pili. Waliweza kujinasua, mmoja mmoja, lakini hawakujua la kufanya baada ya hapo. Arlette aliushika mkono wangu mpaka pete ikaniumiza.

Halafu mama mmoja Mmalawi, muuza mandasi, aliyekuwa amepita tu na beseni lake kukusanya pesa za vijana waliokula asubuhi, akasema naye anataka kumpiga yule kinyozi kwa sababu alimnyoa mtoto wake vibaya. Watu wakashangilia. Wakampisha. Akaweka beseni magotini, maneti juu ya kifuniko, akauliza, "Yupi ni yangu?"

"Yule mwenye bidon, mama," wakamwambia. "Shikilia hiki."

Alishikilia. Divin akainama, bidon ikapita, mgongo ukageuka, mita ikamnasa. Mama akapigapiga maneti kwa mkono wa pili kwa hofu na katika kupigapiga vibonyezo viwili vikaenda pamoja. "Niachie!" Divin akaruka nyuma, na alipokuwa anatua, yule mama bado ameshikilia kibonyezo chake, paa! Chumba kizima kikapiga kelele. Raundi ya pili Divin alimfanyia kama Gakiza. Alimgusa, akaacha, akangoja apige kelele hewani. Lakini mama huyu alikuwa amechanganyikiwa kabisa na hakubonyeza kitu. Divin akangoja. Akangoja tena kidogo. Akachoka kungoja, akaingia na mnyororo wake wote, na katikati ya mnyororo yule mama akazinduka na kupiga maneti kwa viganja viwili: "Niachie!" Halafu bidon, paa!

Divin alianguka mbele ya watu wote.

Aliinuka. Aliweka maneti chini polepole kuliko ilivyohitajika. Alimpita Arlette na kumwambia kwa sauti ndogo, "Dada, ule mnyororo nilikuwa nimeufanyia kazi. Nilikuwa naulala nao. Umeukata," akatoka nje. Wenzake wawili wakamfuata kwa macho. Bambo Kalilombe hakuwa anatazama tele. Alikuwa anatazama mlango.

Mama wa mandasi alipigwa na kijana aliyefuata, haraka sana. Akaambiwa ainuke. "Tena," akasema. Wakamwambia tena ni mwisho wa foleni. Akatazama foleni, akatazama beseni, akaenda akaliweka chini ukutani na kusimama mbele yake. Hilo Bambo aliliona pia, lakini macho yake yakarudi mlangoni. Nilijua anachowaza. Mandasi hazifanyi mashindano. Kama Divin na wenzake hawarudi, mwezi wa kumi hakuna kitu.

Arlette akatoka nje. Nikamfuata, siyo haraka, magoti yangu hayana haraka. Divin alikuwa ameegemea ukuta wa duka la simu, mikono mifukoni.

"Unataka nirudishe mnyororo?" Arlette akamwuliza.

Divin alikuwa anatazama njia, na vidole vyake vilikuwa vinasogea ndani ya mfuko, niliviona kupitia kitambaa. Halafu akasema, "Ile niachie. Akiifanya bila kunaswa, anabaki mikono juu muda gani?"

"Kidogo."

"Kidogo aje? Natosha kumuzunguka nyuma?"

"Sitakuambia."

"Niambie tu kama ni ndiyo ao hapana."

"Ningekuambia ungecheza nini?"

Divin alimtazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyeibiwa na kumfahamu mwizi. "We dada ni mubaya," akasema. Akaingia ndani. Nilipofika mlangoni alikuwa amesimama kwenye foleni nyuma ya mama wa mandasi, naye alikuwa anamwambia asilikanyage beseni.

Bambo Kalilombe alikuja akasimama karibu nasi. Alisema kwa Kichewa, polepole kama kawaida yake, kwamba Arlette amwachie nakala ya mchezo kwenye mashini ya pale, na kwamba siku ya mashindano aje mapema afunge waya mwenyewe, kwa sababu vijana wake wanazivuta. Kisha akaniinamishia kichwa kunishukuru kama bibi yake: "Zikomo, agogo."

Nilimgusa Arlette ubavuni ili ashukuru. Hakuwa amesikia. Alikuwa anamtazama kijana mwembamba mwenye sare ya shule, ambaye alikuwa amekaa, amepigwa, akaweka maneti chini kwa adabu, akachukua mkoba wake. Hakwenda kwenye foleni. Alipita katikati yetu akasema samahani, akatoka kwenye jua.

"Koko, yule alichukua nani?"

"Mzee wa mwavuli."

Arlette alimsindikiza kwa macho mpaka alipopinda kwenye kona ya soko.

"Mwavuli unachelewa kufunguka," akasema. Akaingia, akafungua kompyuta pale ukutani, juu ya beseni la mandasi, aurekebishe.